Doa Lililoanzia Ndani

Hakuna doa lililowahi kumshinda Dobi. Hilo liandikwe kwa wino usiofutika, ingawa mbele ya Dobi hata wino wa namna hiyo hauna maisha marefu. Utomvu wa ndizi aliutoa kwenye shela ya bibi harusi asubuhi ya harusi yenyewe, bibi harusi akiwa amekaa uani na khanga moja, analia. Oili chafu aliitoa kwenye suruali ya fundi magari ambaye alikuwa ameshaizoea hata akaamini ndiyo rangi aliyoinunua. Kwenye lango la uani kulikuwa na kibao alichokiandika mumewe, mpiga rangi za nyumba, kwa herufi nyekundu: DOA LISIPOTOKA, HULIPI. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mteja aliyeondoka bila kulipa.

Basi doa lililokuja kumshinda halikuletwa na mteja. Lilikuja kwa miguu yake, saa nne asubuhi, limevaa sare ya shule.

Alikuwa binti yake mdogo, wa miaka tisa. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kutambaa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemkuta amenyamaza, hata usingizini. Siku hiyo alisimama kimya katikati ya kamba za nguo, karatasi mkononi.

Dobi alijifuta povu, akaisoma. *Mzazi, mtoto huyu ni mchafu. Shingo, viwiko na vidole. Asirudi darasani mpaka aogeshwe.*

"Mwalimu wako amekupa hii kimyakimya?"

"Aliisoma kwanza. Akasema nisimame niwaonyeshe vidole."

"Wakacheka?"

"Wakaziba pua." Chiriku akajinusa begani. "Kwani nanuka, mama?"

"Unanuka sabuni. Nyumba hii hata panya wanatoka wananuka sabuni."

Lakini aliposhika ile mikono akaitazama kwenye mwanga, Dobi akapata aibu ambayo hakuwahi kuipata. Vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi kuliko mkono wenyewe, kama mtu aliyechokora masizi. Viwiko vilevile. Shingoni, utadhani kola imeacha alama. Dobi mzima! Mtoto wa mpishi kafa njaa.

Akamwingiza kwenye karai kubwa la mashuka. Akaanza na sifongo. Akaja na limau. Akaja na brashi ya kola, na mwisho lile jiwe la kusugulia visigino. Aliyeshika taulo ni binti mkubwa wa nyumba, msichana wa kidato cha tatu anayesoma zamu ya mchana, mwenye akili, adabu na sura ya kupendeza, kwa mujibu wa mashahidi wa kuaminika.

"Mama, ukimaliza hapo utamtia wanga," binti mkubwa akasema. "Kisha pasi."

Siku nyingine Chiriku angemrudishia matusi matatu kwa moja na chenji juu. Siku hiyo alikaa tu na maji yakimtiririka, mabega yametoka kama vibanio vya nguo.

"Mama, umemaliza? Nataka kulala."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Dobi alisugua kifundo kimoja mpaka damu ikachungulia, ndipo akalitupa jiwe. Ngozi ilikuwa imechubuka. Weusi ulikuwa palepale.

Jioni mumewe alirudi na madoa ya rangi masikioni, akautazama ule mkono, akatoa hukumu kabla hajavua viatu.

"Jua hilo. Watoto wanashinda juani."

Dobi alikwenda kwenye kamba akaleta shati la kazi la mume huyohuyo, akaligeuza pindo mbele ya macho yake.

"Jua linafanya kazi kwa nje, baba. Ona hapa limechujuka. Ndani ya pindo je? Rangi ya dukani ipo vilevile, maana jua halifiki. Haya, Chiriku, fungua viganja."

Mistari ya viganja ilikuwa imekolea kama imechorwa kwa kalamu.

"Sasa panua mdomo." Akaushusha mdomo wa chini kwa kidole gumba. Kwenye fizi kulikuwa na mabaka ya kahawia iliyoiva. "Niambie, jua limepanda lini hadi kwenye fizi?"

Mpiga rangi akakuna shingo. "Mama yangu naye alikuwa mweusi sana."

"Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa mweusi mwili mzima tangu siku aliyozaliwa, na alipendeza. Mimi mwenyewe mweusi kama sufuria la hotelini, na ulinifuata hivyohivyo mpaka kwa wazazi wangu. Sina ugomvi na weusi. Ugomvi wangu ni na weusi unaoingia na nyama ikitoka. Sketi ya huyu nimeipunguza kiuno mara mbili tangu shule zifunguliwe. Mtoto gani anakua kurudi nyuma?"

"Sasa unasema ni nini?"

"Doa ukilisugua linapungua, hata kama ni kidogo. Hili nimesugua, na kesho litakuwa limezidi. Hili si doa. Hii ni rangi, na kuna kitu kinaitia kutoka ndani."

"Kitu gani?"

"Ningejua ningekuwa nimekaa hapa na shati lako?"

*

Zahanati ilikuwa na tabibu mmoja, benchi moja na jibu moja: minyoo. Chiriku akanywa dawa ya minyoo. Wiki mbili baadaye alianza kutapika asubuhi, wakarudi. Akapimwa malaria, haikuwapo, akapewa vitamini za rangi ya chungwa. Mara ya tatu Dobi alikwenda amejipanga kama shahidi wa mahakamani.

"Daktari, anatapika asubuhi. Akisimama ghafla anashika ukuta, anasema nyumba inazunguka. Mchana analala kama mlinzi wa zamu ya usiku. Tumbo linamkata. Na weusi umefika kwenye makovu; kovu la goti alilolipata akiwa na miaka minne lilikuwa limefifia, sasa limekuwa jeusi upya."

Tabibu hakuinua macho kwenye karatasi. "Mama, shule anaipenda?"

"Alikuwa anaipenda mpaka walipomzibia pua."

"Ndiyo hivyo. Anadeka. Hataki shule, mwili unatafuta visingizio. Mpe chakula kizuri, apake mafuta."

"Fizi nazo nizipake mafuta?"

Hapo akainua macho. "Mama, unafanya kazi gani?"

"Dobi."

"Basi. Mimi siji kwako kukufundisha kufua."

"Ungekuja ningekusaidia," Dobi akasema, "maana koti lako hilo limefuliwa na adui yako."

Benchi zima likaangua kicheko. Lakini kicheko si dawa. Dobi alitoka mlangoni na mtoto aliyemwegemea kama mwavuli uliovunjika, na karatasi iliyoandikwa *ale vizuri*.

Maneno nayo hayana kizuizi. Wiki hiyohiyo alikuja mteja wake wa miaka mingi, jirani waliyemwita Mama Mapazia kwa sababu alikuwa na mapazia mengi kuliko madirisha. Alikuta fungu lake bado halijaloanishwa, akaanza kulikunja.

"Si kwa ubaya, jirani. Ila watu wanasema."

"Wanasemaje?"

"Kwamba kama mtoto wa kumzaa mwenyewe hamtakatishi, sasa nguo za watu..." Akamalizia kwa mabega. "Tena wengine wanasema ugonjwa wenyewe huenda unaambukiza kwa maji."

Dobi alimsaidia kufunga lile fungu, akakaza fundo vizuri. "Hesabu, ni mapazia sita. Lile la kufunikia mdomo hukuniletea."

Mama Mapazia aliondoka amevuta mdomo, na nyuma yake wakaondoka wengine wanne. Mwezi ulipoisha kamba tatu kati ya tano zilikuwa hazina kitu, ndege wanazikalia. Mumewe akashauri amfiche Chiriku ndani wateja wanapokuja. Dobi akamtazama kwa muda ambao mume yeyote mwenye busara anaujua. Kesho yake akatoa kiti cha sebuleni, akakiweka langoni, akamketisha Chiriku hapo na kitabu chake. Mteja akitaka kuingia, aamkie kwanza.

*

Mafua yaliingia nyumbani kama yanavyoingia nyumba zote. Baba alipiga chafya siku mbili. Binti mkubwa akaumwa kichwa, akalalamika kama mjamzito wa mapacha, akapona. Chiriku hakupona. Siku ya tatu alitapika maji, akatapika hata mate. Asubuhi aliinuka kitandani kwenda msalani, akapita kwenye makarai, akakaa chini taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha akalala.

Dobi alimnyanyua. Alikuwa wa baridi na amelowa jasho, mdomo umekauka, macho yanatazama pengine.

Kule zahanati, tabibu alimgusa tumbo, akachukua paketi mbili za unga wa kuchanganya na maji.

"Tumbo limechafuka. Mnyweshe hizi, apumzike nyumbani."

"Hakuna kinachokaa tumboni. Niandikie barua ya rufaa."

"Sioni sababu ya kuandika rufaa."

"Basi andika kwamba dobi amekataa kwenda nyumbani."

Hakuandika hicho wala kile. Dobi akachukua shuka safi la mteja, la pekee lililokuwa limebaki kwenye kapu la kupeleka, akambeba mtoto mgongoni, akasimamisha pikipiki. Mumewe alikuwa juu ya ngazi upande wa pili wa mji, simu yake imezimika. Binti mkubwa alipanda pikipiki ya nyuma.

Hospitali kubwa ilikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha kulikuwa na karani.

"Barua ya rufaa."

"Sina. Mtoto anazimia."

"Bila barua, pale nyuma." Akaonyesha foleni iliyopinda kona na kupotea.

Dobi akapitisha mkono wa Chiriku dirishani, akaulaza juu ya daftari la karani. Kando yake akaulaza wake.

"Mama, ondoa mikono kwenye daftari."

"Naiondoa mtu mwenye macho akishaitazama."

Karani akamwita mlinzi. Mlinzi alikuwa mzee mpole, akamshika Dobi kiwiko kwa heshima. "Mama, twende nje tuzungumze."

"Zungumza hapahapa, baba. Mimi na nje hatujaelewana." Kisha akapaza sauti, ile sauti ya kuwaita watoto kutoka mtaa wa pili. "Nimeambiwa ni uchafu! Nimesugua hadi damu! Nimeambiwa minyoo, nimeambiwa anadeka! Leo sitoki! Mkitaka kunitoa mniteme kama kokwa, lakini mumtazame huyu kwanza!"

Mlango ukafunguka. Akatoka daktari wa watoto, mwanamke mfupi mwenye kikombe cha chai, uso wa mtu aliyekatishwa mapumziko yake ya kwanza tangu alfajiri.

"Nani anapiga kelele?"

"Mimi. Daktari, ugonjwa siujui. Rangi naijua." Dobi akaushusha mdomo wa Chiriku kwa kidole gumba. "Jua halifiki hapa. Wala hapa." Akafungua kiganja. "Na huyu alikuwa mnene."

Daktari akaweka kikombe juu ya daftari la karani. Hakukirudia tena.

Maswali yalikuja wakiwa wanakimbia na kitanda. Ametapika tangu lini? Akisimama anapata kizunguzungu? Amepungua? Uchovu? Dobi alijibu yote bila kupumua. Majibu alikuwa nayo miezi, aliyekosekana ni mwulizaji. Presha ilikuwa chini. Sukari ilikuwa chini zaidi. Muuguzi akatoa damu ya kupeleka maabara, lakini daktari alikuwa tayari ameshika sindano.

"Husubiri majibu?" Dobi akauliza.

"Nikisubiri nitapata majibu, nitakosa mtoto."

Ikaingia sindano, ikafuata dripu ya maji yenye chumvi na sukari. Dobi alisimama kando ya kitanda ameshika chuma chake kwa mikono miwili. Saa sita. Saa nane. Mumewe alifika na rangi yake masikioni, akasimama naye. Saa tisa Chiriku akafumbua macho, akatazama kitanda cha pili.

"Mbona yule amefungwa bandeji kichwani? Alianguka au alipigwa? Mama, kwa nini umeshika chuma? Hiki kinadondoka nini? Kikiisha inakuwaje? Nina njaa."

Mpiga rangi akageukia ukuta, akaukagua kwa muda mrefu kana kwamba anataka kuupigia hesabu ya makopo.

Majibu ya maabara yalipofika, daktari aliwaketisha. Juu ya figo, akasema, kuna tezi mbili ndogo, zimekaa kama kofia. Kazi yake ni kutoa kitu ambacho mwili unakihitaji ili ushike chumvi, sukari na presha, hasa siku ya ugonjwa. Za Chiriku zimechoka. Mafua yanayompita mwingine kwa chafya mbili yangeweza kumuua.

"Na weusi?"

"Ubongo ukiona tezi hazijibu, unatuma wajumbe wa kuziamsha. Hazijibu, unatuma wengi zaidi. Wajumbe hao wakizidi ndio wanaoikoleza ngozi: vifundo, makovu, viganja, fizi. Mama, ulichokuwa unakisugua ni ujumbe."

Dobi akatazama mikono yake mwenyewe. "Atapona?"

"Ataishi, atasoma, atawachosha kwa maswali. Ila vidonge ni kila siku, maisha yake yote, haruki hata kimoja. Akipata homa, dozi inaongezwa kama nitakavyowaandikia. Akitapika vidonge, mnamchoma sindano mtakayokaa nayo nyumbani, na mnakuja hapa hapohapo. Mkikuta foleni, mama, unajua la kufanya."

*

Shuleni walikwenda Dobi na Chiriku, wiki tatu baadaye, katikati ya kipindi. Mwalimu wa darasa alitoka hadi mlangoni, akashusha sauti.

"Pole sana, mama. Kwa kweli mimi sikujua."

"Hata mimi sikujua, mwalimu. Tofauti ni kwamba mimi nilimsugua nyumbani. Wewe ulimsugua mbele ya watoto arobaini." Akatoa barua ya daktari. "Hii ni yako. Inaeleza akizimia afanyweje na apigiwe nani simu. Isome."

"Nitaisoma ofisini, nitulie."

"Uisome palepale ulipoisomea ile nyingine."

Mwalimu akatazama barua, akatazama darasa, akatazama mabega ya Dobi yaliyoujaza mlango. Akaenda mbele, akaanza kusoma. Alipofika penye *si uchafu na hauambukizi* sauti ikaingia kwenye kola.

"Sauti, mwalimu," Dobi akasema. "Ile ya kwanza walioisikia ni pamoja na wa dirishani."

Akasoma tena, kwa sauti. Mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kama kofia za figo zinaonekana kwa nje. Chiriku akamjibu papo hapo, akiwa bado amesimama mlangoni, na jibu lake lilichukua dakika saba.

*

Kliniki ya kwanza iliwataka watu wote wa nyumbani, ili wafundishwe kuchoma sindano. Walifundishiwa kwenye chungwa. Baba alilitoboa hadi upande wa pili. Dobi alipata mara ya kwanza. Daktari alikuwa amefurahi, presha ya Chiriku nzuri, kilo zimeongezeka mbili, weusi wa fizi umeanza kufifia.

"Kuna kitu kimoja kinanisumbua," akasema. "Tezi hizi hazikuchoka siku moja. Ni miezi. Kitu gani kilikuwa kinamshikilia?"

"Chumvi," Chiriku akasema. "Nilikuwa nalamba. Kijiko jioni, na kingine asubuhi. Nilikuwa naiota."

Daktari akapiga paja. "Mwili ulikuwa unaipoteza, ukawa unaitafuta! Si tiba, lakini bila hiyo chumvi mngeniletea mapema zaidi, au msingeniletea kabisa."

Dobi akakunja uso. "Mkebe wa chumvi naweka rafu ya juu kabisa. Huyu hafikii hata akipanda kiti. Nani alikuwa anampa?"

Hapa hadithi ingeweza kuishia vizuri. Mama ameshinda, mwalimu amenyooka, chungwa limechomwa. Binti mkubwa, yule mwenye akili, adabu na sura ya kupendeza, alianza kusoma kwa makini bango la ukutani kuhusu kunawa mikono.

Chiriku akanyoosha kidole. Kidole kile, bado cheusi kwenye kifundo, kikampita baba, kikampita daktari, kikaja kusimama mbele ya pua yangu.

"Ni huyu dada. Kijiko kimoja nikimwoshea vyombo. Viwili nikimfulia na soksi."

"Lakini daktari amesema chumvi ndiyo ilimshikilia," nikasema haraka. "Kwa hiyo ukiangalia vizuri, mama, mimi ndiye..."

"Sema na siku niliyoanguka jikoni," Chiriku akasema. "Kabla ya mafua. Ukanimwagia maji, ukasema nikimwambia mama, chumvi basi."

Daktari akaacha kucheka. Baba akaliweka chungwa mezani. Mama alinitazama tu, akisubiri.

Nikatafuta neno la kuchekesha. Miaka kumi na sita nilikuwa sijawahi kulikosa, hadi siku hiyo.